Hakuna Jipya, Wifi

Walimwita Bi Shazia kwa sababu ya ile sindano nene ya kushonea magunia, shazia, aliyokuwa akiichomeka kwenye kitambaa chake cha kichwani upande wa kulia, kama wengine wanavyochomeka ua. Mwanamke huyu alikuwa anaweza kushona mdomo wa gunia huku anazungumza, huku anacheka, huku anakukatalia jambo, na mshono ukatoka umenyooka kama ulipigwa rula. Kazi hiyo aliifanya katika ghala la vitunguu la wifi yake, dada wa mumewe, na kila gunia aliloshona alilifunga na neno lake ndani ambalo hakuwahi kulitamka.

Ghala lenyewe lilikuwa chumba kirefu cha bati, madirisha yake madogo yako juu karibu na paa, na sakafu ya saruji imechimbika mahali magunia yanapoburutwa. Maganda ya vitunguu yalikuwa kila mahali. Yaliingia kwenye viatu, kwenye chai, kwenye nywele, na ukifika nyumbani ukavua nguo yanadondoka kama umekaa siku nzima chini ya mti unaopukutika. Wifi mtu alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mkoba pajani, simu mbili mkononi, akitoa amri kwa kidevu. Makuli walimbandika jina la Mkurugenzi ili kumsengenya, lakini siku alipolisikia lilimkaa vizuri, akaanza kuitika.

"Wifi," angesema, "gunia hilo linanitazama vibaya. Liongezee kichwa."

Na Bi Shazia huongeza. Kichwa cha gunia ni hivi. Gunia la wavu likijaa mpaka mdomoni, wewe usilifunge. Unachukua kipande kingine cha wavu, unakishona kuzunguka mdomo, unakijaza tena vitunguu mpaka kinavimba kama mtu aliyevaa kilemba juu ya kilemba, ndipo unafunga. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima anauza kwa gunia, na gunia kwa Mkurugenzi halikuwa gunia mpaka liwe na kichwa. Wakulima walinung'unika, wakapeleka, kwa sababu barabara ya kwenda kwa mnunuzi mwingine ilikuwa mbaya kuliko Mkurugenzi.

Sasa utauliza, mwanamke mwenye mikono kama ile alifikaje kuwa mshonaji wa wifi yake? Hapo ndipo penye kidonda.

Zamani Bi Shazia alikuwa mfanyabiashara kamili. Nchi yao na nchi ya jirani zimo katika jumuiya moja, na ng'ambo ya mpaka, katika soko la mji wa kwanza ukishavuka, yeye alikuwa na kibanda. Kibanda cha mbao, kimepakwa rangi ya samawati, kina kufuli, na ufunguo wake aliufunga kipande cha kamba ya katani kwa mkono wake ili usipotee. Aliuza nyanya. Wateja wa kule walimjua kwa nyanya ngumu zisizopondeka, wakamwita shangazi. Wifi yake wakati ule alikuwa naye ni mchuuzi wa nyanya tu, wa kuvizia, hana kibanda, anauza juu ya turubai lililotandikwa chini.

Ikatokea kikao cha wafanyabiashara pale mpakani. Bi Shazia alikuwa na mtoto mgonjwa, akamwomba wifi amsikilizie. Wifi akaenda. Jioni akapita mlangoni, hata kuingia hakuingia, akasema, "Hakuna jipya, wifi. Walitupa soda tu."

Kumbe jipya lilikuwepo. Walikuwa wametangaziwa kwamba nchi ya pili imeona mdudu kwenye nyanya, na kuanzia wiki ijayo haipokei hata moja. Mkurugenzi aliwahi, akavusha zake. Bi Shazia akaja nyuma na lori zima. Geti likamfungia usoni. Alikaa pale uwanjani chini ya jua, nyanya zikatoka jasho, zikalainika, maji mekundu yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye lori mpaka kwenye mtaro, nzi wakaja kama walioalikwa. Makuli wakampa jina siku hiyohiyo: Mama Rojorojo. Na kule sokoni kuna kanuni kwamba kibanda kisichofunguliwa msimu mzima anapewa mwingine. Mwingine akawa wifi.

"Nakushikia tu, wifi yangu," alisema akinyoosha kiganja kupokea ufunguo. "Ukisimama tena, utakikuta."

Akakishika kweli. Akakipaka rangi ya manjano, akahamia vitunguu, akajenga ghala, na Bi Shazia aliposimama tena alikuta amesimama ghalani kwa watu, sindano mkononi.

Ni subira ya namna gani hiyo? Watu waliuliza. Wengine walisema ni mjinga, wengine walisema ni mcha Mungu. Hakuwa chochote katika hivyo. Alikuwa anasubiri tu. Alijua kwamba mtu aliyezoea kukaa kwenye kiti ipo siku atachoka kunyanyuka, na siku hiyo atakutuma.

Ikafika. Kikao kiliitishwa tena mpakani, na Mkurugenzi alikuwa na miguu imevimba na dharau imevimba zaidi.

"Watu wazima wanakusanywa kufundishwa kuuza!" alisema. "Wifi, nenda wewe. Kaa kitako, unisikilizie, urudi. Na soda yangu uniletee."

Bi Shazia akachomeka sindano kitambaani. Akafuta mikono kwenye nguo. "Nitakusikilizia, wifi," akasema.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa kituo cha forodha, jengo moja ambamo maofisa wa nchi zote mbili hukaa dirisha kwa dirisha. Aliyezungumza alikuwa afisa wa vipimo kutoka ng'ambo, mwanamke mfupi mwenye kofia iliyomzidi kichwa, akiisukuma juu kila inapomshukia machoni. Hakuwa na maringo.

"Ushuru kati yetu uliondolewa," alisema. "Sisi ni jumuiya moja. Basi niambieni, ndugu zangu, kwa nini kitunguu cha hapa kinafika kwetu kimechoka, bei juu, kama kimetoka mwezini?"

"Barabara!" mmoja akasema.

"Vizuizi njiani! Kila baada ya kona kuna kamba."

"Pesa. Nikibadilisha zenu kuwa zetu, nikibadilisha tena, inabaki harufu tu."

"Leo mnapokea mahindi, kesho mmefunga, na sisi tunasikia tukiwa tumeshapakia!"

Bi Shazia akageuka kumtazama aliyesema hilo. Mama mmoja wa maharage, mzee aliyekaa nyuma na fimbo yake, akasema taratibu, "Na roho mbaya. Muandike na hiyo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Afisa naye akacheka mpaka kofia ikamwangukia puani. "Roho mbaya sina dawa yake, mama. Ya vipimo ninayo." Ndipo akatoa lililomleta. Kwao gunia ni gunia, limefungwa kwenye mdomo wake lenyewe, bapa. Kwa muda mrefu wamekuwa wakifumbia macho lumbesa, wateja wao wanagombana na wauzaji, hakuna anayejua ananunua nini. Sasa nchi zote za jumuiya zimekubaliana. Kuanzia Jumatatu, kichwa hakivuki. "Na msiniletee ujanja wa kuficha ndani. Mimi huchomoa la chini kabisa. Nikikuta kichwa kimoja, lori zima linarudi lilikotoka."

Bi Shazia alinyoosha mkono. Alikuwa amekaa mstari wa mbele. "Na ambaye ameshashona, afande?"

"Afumue, mama, ashone upya."

"Na kama hajui?"

"Si ndiyo maana tumewaiteni?"

Alirudi kwa miguu. Njia nzima alikuwa anayarudia maneno mdomoni, anayaonja, kama mtu anayemumunya kitu kitamu na hataki kiishe. Alimkuta wifi yake palepale kwenye kiti. Akampa soda.

"Wamesemaje?"

"Hakuna jipya, wifi," Bi Shazia akasema. "Walitupa soda tu."

Mkurugenzi akafungua chupa kwa meno. Kama maneno yale aliyakumbuka, uso wake haukuonyesha. Na huenda hakuyakumbuka kabisa, maana mtupa jiwe husahau. Akanywa, akacheua, akasema, "Si nilijua." Na nani mwingine angemwambia? Nusu ya wafanyabiashara alikuwa amegombana nao, na nusu iliyobaki ilikuwa inangoja kuona ataangukaje.

Siku zile za kupakia, Bi Shazia alishona kama anashona nguo ya harusi. Hata Mkurugenzi alipokuwa hajasema, yeye mwenyewe aliuliza: "Wifi, hili nalo nalionaje dogo? Tuliongezee?" Na wifi akafurahi, akasema leo umeamka na akili. Vichwa vikawa vikubwa kuliko vilivyowahi kuonekana. Vingine viliinama kwa uzito kama wazee wanaosinzia. Vitunguu vilikuwa vya mvua za mwisho, bado vina unyevu, vya kufika haraka na kuuzwa haraka. Vikikaa chini ya turubai vinatoka jasho, vinaota. Bi Shazia alilijua hilo. Alilijua, akavuta uzi.

Mumewe alikuwa fundi saa, mtu mwema aliyeishi na kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni na ambaye kwa ugomvi wowote duniani alikuwa na jibu moja, "Mimi simo." Majirani walimwita Simo. Jumamosi ile, mchana, alikuwa kibarazani ameinamia saa ya mtu, akamsikia mkewe anaimba akianika nguo.

"Mama watoto, leo unaimba."

"Nisiimbe?"

"Imba tu. Ila mara ya mwisho uliimba, mwenye nyumba alihama mji."

"Dada yako anavuka Jumatatu."

"Salama?"

"Kama mimi nilivyovuka."

Simo akakitoa kile kioo jichoni taratibu, akakiweka mezani. Jicho lake bila kioo lilikuwa dogo, lina machozi ya kuchoka. Akafungua mdomo.

"Usiseme," Bi Shazia akamkatiza, akikung'uta shuka. "Najua humo. Siku ile pia hukuwemo. Nililala na nzi uwanjani, mume wangu hayumo."

Fundi saa akarudisha kioo jichoni, lakini hakugusa saa.

Jumatatu Bi Shazia akaomba aende na lori. "Nikusaidie kule sokoni, wifi," alisema, na Mkurugenzi, aliyependa kuonekana na msindikizaji, akakubali. Walikaa kwenye kibini pamoja na dereva, Mkurugenzi dirishani amevaa kitambaa kipya, Bi Shazia katikati na sindano yake kichwani.

Uwanja wa ukaguzi ulikuwa uleule. Saruji pana, malori yamepanga foleni, bomba moja la maji linalovuja, na ule mtaro pembeni. Wengine waliona mtaro. Bi Shazia aliona maji mekundu. Afisa mwenye kofia kubwa akaja, na kabla hata turubai halijafunguliwa lote akapiga gunia la juu kwa kiganja. Likamjibu du.

"Hiki nini?"

"Vitunguu, afande wangu," Mkurugenzi akasema kwa sauti ya asali.

"Nimeuliza hiki kilichokaa juu. Hamkusikia tangazo? Kichwa hakivuki."

"Tangazo lipi? Afande, mimi nimevuka hapa miaka yote na..." Akageuka. "Wifi, si ulikuja kwenye kikao?"

Bi Shazia alikuwa anatazama kucha zake. Afisa akaisukuma kofia juu, akamkazia macho, uso ukamfunguka. "Ee, mama! Wewe si ndiye uliyekaa mbele? Uliyeniuliza kuhusu waliokwisha kushona?"

Mkurugenzi alimtazama wifi yake kuanzia miguuni hadi kwenye sindano.

"Ulisikia," akasema.

"Nilisikia vizuri sana. Nilikaa mbele."

"Ukaniambia hakuna jipya."

"Na soda nikakuletea. Wewe yangu hukuniletea."

Dereva alikuwa na mkate mdomoni, akasahau kutafuna. Mkurugenzi akatoka mbio za maneno: nyoka, mchawi, nimekulisha, nimekupa kazi nani mwingine angekupa. Watu wakasogea. Mama wa maharage, ambaye alikuwa na mzigo wake kwenye foleni, akaegemea fimbo akasema kwa wote, "Mwacheni aseme. Anayemjibu ni ule mtaro."

Afisa akasema yeye hana habari na ya nyumbani. Wakivifumua vichwa na kushona upya kabla geti halijafungwa, watavuka. La sivyo, warudi. Akaenda zake lori la pili.

Mkurugenzi akajaribu bila Bi Shazia. Akawaita makuli, wakapanda na visu, wakachana. Vitunguu vikamwagika, vikabingirika chini ya magurudumu. Wakafunga midomo kwa waya, wavu ukararuka. Wakajaribu kwa kamba, likafunguka likiwa bado begani mwa mtu. Jua likapanda, na kutoka chini ya turubai ikaanza kupanda ile harufu tamu ya kitunguu kinachotaka kuharibika. Mkurugenzi aliijua. Alikaa, akasimama, akakaa. Mwishowe akaja mpaka kwenye kivuli alipokaa Bi Shazia juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Unataka nini?"

"Mimi? Sitaki kitu. Niko kikaoni."

"Wifi, vitunguu vinaoza!"

"Nyanya huwa zinaoza haraka zaidi. Mimi nazijua."

"Sema unachotaka!"

Bi Shazia akachomoa sindano kichwani, akaitunga uzi kwa mara ya kwanza siku hiyo, polepole, akilamba ncha. "Utanishikia midomo ya magunia," alisema. "Si kuli, wewe. Na kwa kila gunia nitakuuliza swali moja, utanijibu, kwa sauti wasikie."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Makuli walishusha, Bi Shazia alifumua kichwa, vitunguu vya kichwa vikamiminwa pembeni chungu moja, kisha Mkurugenzi akainama na kitambaa chake kipya, akaukusanya mdomo wa gunia kwa mikono miwili, na sindano ikaingia.

"Wifi, kuna jipya?"

"Hakuna."

"Sijasikia. Injini hizi."

"Hakuna jipya!"

"Haya. Lete lingine."

Mwanzo watu walicheka, wengine wakawa wanaitikia kama kwaya. Dereva alizidisha, akawa anaongezea "na soda!" Kisha jua likakaa sawasawa juu ya saruji na kicheko kikaisha, wakabaki wale wawili na swali lao. Wavu ulimkata Mkurugenzi vidole. Kitambaa kilimteleza, nywele zake zikaonekana nyeupe kwenye mizizi. Hakuomba kupumzika, maana alikuwa na kiburi, na Bi Shazia hakumpa, maana alikuwa na kumbukumbu. Kila sindano ilipozama alikuwa anasikia kitu ndani yake kinatulia kidogo. Kidogo tu. Alikuwa amedhani kitatulia chote.

Kwa sababu hakikutulia, akafanya la pili. Makuli walipofika kwenye kona ya mbele ya lori, nyuma ya kibini, magunia ya mwisho yakiwa bado yako chini kabisa, dereva akauliza, "Na haya, mama?"

"Yale nilishona bapa tokea ghalani, kona ile haienei vichwa," Bi Shazia akasema bila kupepesa. "Pangeni juu yake."

Yalikuwa bapa kweli, isipokuwa moja. Moja lilikuwa na kichwa, kimekandamizwa ukutani kwenye giza. Huyu afisa huchomoa la chini kabisa. Akilikuta hilo moja, lori zima linarudi, Mkurugenzi akiwa na vidole vimechanika bure, mbele ya watu walewale. Hiyo sasa, aliwaza Bi Shazia, ndiyo itakuwa sawasawa na nyanya.

Gunia la mwisho la nje lilipofungwa, Mkurugenzi hakunyanyuka. Alibaki amechuchumaa, mikono imening'inia.

"Wifi, kuna jipya?" Bi Shazia akauliza, uzi ukiwa menoni.

Mkurugenzi akavitazama vidole vyake. "Lipo," akasema. Sauti ilikuwa ya kawaida, ya mtu aliyechoka kujipamba. "Nilijua siku ile. Nilisikia kila neno. Nilipita kwako nikasimama mlangoni, nikasema nikiingia ndani nitamwona mtoto yule anavyokohoa, nitakwambia. Sikuingia. Nilikuwa nakitaka kibanda chako, basi. Nilikuwa nauza chini kwenye vumbi, wewe wanakuita shangazi." Akafuta pua kwa mkono wa damu. "Sikuombi radhi. Ukiniomba niseme uongo huo mbele ya watu, geti litafungwa tuko hapa."

Akafungua mkoba, akatoa ufunguo, akautupia kwenye mapaja ya Bi Shazia.

"Chukua kibanda chako. Na mzigo huu uchukue badala ya nyanya zako, ukauuze wewe, uone utamu wake. Mimi na wewe hatukai tena kibini kimoja."

Ufunguo ulikuwa bado una kipande cha kamba ya katani. Kimekuwa cheusi, kimelainika kwa jasho la mkono mwingine, lakini fundo lilikuwa lake. Bi Shazia aliligusa kwa dole gumba. Watu wakapiga makofi. Mama wa maharage akapiga fimbo chini. Dereva akawasha injini, lori likaanza kusogea kuelekea getini, na kule mbele afisa wa vipimo akawa anakuja, anaisukuma kofia yake juu, tayari kuchomoa.

Hapo ndipo Bi Shazia alipoikumbuka ile kona.

Mzigo ulikuwa wake. Kibanda kilikuwa chake. Na kile kichwa kule kwenye kona, kimelala gizani kinamngoja afisa, nacho sasa kilikuwa chake.

"Simama!" alipiga kelele, akakimbia mbele ya lori amenyoosha mikono. "Dereva, simama! Shusheni!"

"Tushushe nini tena, mama?"

"Shusheni mpaka chini. Mpaka kwenye kona."

"Si ulisema ile kona..."

"Nimesema shusheni!"

Dereva alizima injini. Makuli walitazamana, wakalaani kwa lugha ya nchi zote mbili, wakapanda. Na Mkurugenzi, aliyekuwa amekaa chini anapuliza vidole vyake, akainua kichwa taratibu. Akamtazama wifi yake, akatazama kona ya lori. Akaelewa. Kilianza kama kikohozi, kikawa kicheko, kikamwinamisha mpaka paji la uso likagusa magoti.

"Ulinibakizia!" alisema akitafuta pumzi. "Jamani! Baada ya mikono yangu hii, ulinibakizia!"

"Nilikubakizia," Bi Shazia akasema. Hakuona haja ya kukataa.

"Na sasa ni lako!"

"Ni langu."

"Mimi ningefanya vilevile," Mkurugenzi akasema, akijifuta macho. "Hivyohivyo, kabisa." Na hilo ndilo lililomchoma Bi Shazia kuliko matusi yote ya asubuhi.

Gunia liliposhushwa, hakuna aliyemshikia mdomo. Makuli walikuwa wamechoka, dereva alinuna. Alilibana kwa magoti, akaukusanya wavu kwa mkono mmoja, akashona kwa mwingine, jasho likimwingia machoni. Mkurugenzi alijiburuta mpaka kwenye ile ndoo iliyopinduliwa, akakaa, akapandisha mguu juu ya mguu.

"Wifi," akauliza kwa sauti, wote wasikie. "Kuna jipya?"

Bi Shazia akavuta uzi. Mshono ulikwenda upande, wa kwanza kupinda tangu watu waanze kumjua.

Walivuka wa mwisho, geti likashuka nyuma yao. Kwenye kioo cha pembeni alimwona wifi yake peke yake uwanjani, amekaa kando ya ile chungu ya vitunguu vya vichwa, kilima kizima alichowakamua wakulima, na hakuna hata kuli mmoja wa kumbebea. Alianza kuviokota kimoja kimoja na kuvitia kwenye kitambaa chake kipya. Bi Shazia aliangalia mpaka kona ikamficha. Alikiona kitamu, kile alichokiona, wala hakujidanganya kwamba hakikuwa kitamu.

Kibanda alikifungua kesho yake. Rangi ya manjano aliikwangua kwa kisu mpaka ile ya samawati ikatokea chini yake. Wateja wawili watatu walimwita shangazi, wengine walimuuliza yule mama mwingine yuko wapi. Mkurugenzi alibaki na ghala, na akatafuta mshonaji mwingine ambaye haendi vikaoni.

Hawajasameheana. Simo aliwahi kujaribu kuwaweka meza moja, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuwemo katika jambo. Akaondoka na kioo chake kimevunjika, na hakuna anayesema nani alikivunja. Lakini nenda pale mpakani siku yoyote ya kikao, hata kama ni cha wafuga kuku, utawakuta. Mstari wa mbele, viti vimegusana, kila mmoja amekuja kusikia kwa masikio yake. Soda zikigawiwa wanakunywa polepole, hawamwangalii afisa. Wanaangaliana midomo.